Murram ya Ukweni

Jina la mama mkwe wangu silitaji. Hata sasa ninaposimulia haya sitalitaja, na wewe usiniulize. Anayetaka kulijua aende Mbumbuni akaulize sokoni, ataambiwa na yeyote isipokuwa mimi. Kwetu Ukambani jambo hili tunaliita nthoni, ile haya iliyopo kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Humpi mkono, huli naye, humtazami usoni, na mkikutana njiani kila mmoja anajitia kichakani upande wake mpaka mwenzake apite. Mchungaji wetu alihubiri mara nyingi kwamba mambo hayo yalikwisha siku tulipookoka. Tulisema amina. Ibada ikimalizika, mimi nilitoka kwa mlango wa mbele na yeye akatoka kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo mwaka huo wa 1987, mimi Mutie, msimamizi wa barabara, nilikuwa nimeishi na mke wangu Muthoki miaka minane bila kuuona uso wa mama yake hata mara moja. Nilimjua kwa mgongo. Niliujua mwendo wake, shali yake ya kahawia, na kile kikohozi alichokikohoa akikaribia kona ili nipate nafasi ya kujificha. Nilidhani kumjua hivyo kunatosha, mpaka siku nilipohitaji mawe yaliyo chini ya shamba lake.

Barabara yangu ilikuwa ya kilomita kumi na moja, kutoka soko la Mbumbuni mpaka ng'ambo ya mto mkavu, kupita kwangu. Tuliikata kwa mikono, watu mia moja na arobaini, kwa majembe na sululu na makarai, muda wa miaka miwili. Ilikuwa ya udongo mtupu. Kiangazi ungeitazama ukasema hii ni barabara ya kwenda ikulu, lakini udongo wetu ni laini, na mvua za Novemba zikija, mbili kubwa tu zingetosha kuigeuza korongo. Dawa yake ni murram, ile changarawe nyekundu yenye udongo kidogo wa kuishikamanisha, inayomwagwa juu ya barabara na kushindiliwa. Kikosi cha trekta za kubeba murram kilikuwa kimoja, na waliokingoja walikuwa wawili, sisi na watu wa Kyuso kule kaskazini.

Injinia Mbugua aliniandikia barua kutoka Machakos. Angefika Alhamisi, tarehe ishirini na nne Septemba, na alitaka kuona machimbo yaliyopimwa, yenye murram ya kutosha barabara yote. Yasipokuwepo, trekta zingekwenda Kyuso. Nami nilikuwa bado kazini kwa majaribio, sijathibitishwa. Niliisoma barua hiyo nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimeketi.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Muthoki husema nikitumwa kisimani nitabeba kamba mbili, moja ya ndoo na moja ya kujiokolea. Wiki mbili nilizunguka vilima vyote vya karibu nikichokoa ardhi. Unachimba kidogo, unalowesha kwa maji, unafinya ngumini; ikishikana donge na mawe yakakuchoma kiganja, hiyo ndiyo. Kwa jirani yetu Mwangangi nilipata nusu mita ya murram, kisha mwamba. Mwangangi alisikitika kuliko mimi. Alitaka machimbo yawe kwake kwa sababu yakiisha hubaki shimo kubwa, na shimo likikusanya maji ya mvua huwa silanga la kunyweshea ng'ombe.

Murram ya kweli niliikuta kwenye mteremko unaofuata. Ilikuwa nyekundu, kavu, inachoma kiganja kama inavyotakiwa, na pale korongo lilipokata ukingo niliona tabaka la mita mbili kamili. Nilifurahi kama mtu aliyeokota ng'ombe asiye na mwenyewe. Kisha nikakumbuka mwenyewe ni nani. Kilikuwa kilima cha ukweni, na mama mkwe alikuwa mjane aliyelima pale peke yake.

Sikuweza kwenda kumwomba. Nikamtuma Mzee Jonah, ndugu ya marehemu baba mkwe na mzee wa kanisa letu, mtu wa maneno laini. Alikwenda Jumamosi, akarudi na jibu fupi: "Amekubali." Sikuuliza zaidi. Mtu akikuletea habari unayoitaka, huigeuzi kuitazama upande wa pili.

Nikaupanga mteremko ule kama mtu anayepanga nyumba yake. Udongo wa juu, ule mweusi wa kulima, tungeukwangua na kuurundika kando ili mama mkwe arudishiwe baadaye. Trekta zingeingilia chini, zipakie, zitokee upande wa pili bila kugeuka. Nikapigilia vigingi mahali pa mashimo sita ya majaribio, kila moja mita moja kwa mita moja, ya kupimia unene wa murram. Shimo la nne lilikuwa chini, kati ya mgunga mmoja wa zamani na jiwe jeupe, pale penye tabaka nene. Barabara yote ilihitaji mita za ujazo elfu sita na mia sita, mia sita kwa kila kilomita. Sehemu ile ya shimo la nne peke yake ingetoa elfu mbili na mia nne.

Asubuhi ya pili nikakuta vigingi vya shimo la nne havipo. Vingine vyote vilikuwa vimesimama. Nikavipigilia vipya, na kesho yake navyo havikuwepo. Pale vilipokuwa, udongo ulikuwa umesawazishwa, hata ungedhani hapajawahi kuguswa.

Sikuhitaji kufikiri sana kumpata mwizi. Nani alitaka machimbo yasiwe pale? Asubuhi ile, watu walipokusanyika kuitwa majina, nikamkabili Mwangangi mbele ya wote.

"Mwangangi, kama shimo halikuja kwako, usilizibe kwa wengine. Rudisha vigingi vyangu."

Alishusha jembe lake begani. Ni mtu mfupi, mtaratibu, aliyefanya kazi kwenye barabara ile tangu kilomita ya kwanza. "Mimi sijang'oa kitu," akasema. "Na aliyeng'oa namjua. Lakini siwezi kukuambia wewe."

"Kwa nini huwezi?"

"Kwa sababu ni wewe."

Watu wakacheka chini chini. Damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia nikivikosa tena nitampeleka kwa chifu, na ningeongeza mengine kama sauti isingenikatikia. Mwangangi alichukua jembe lake akaenda kazini.

Nikapigilia vingine, na siku iliyofuata, kulipopambazuka, nikaenda kumvizia. Nilijibanza nyuma ya kichaka hatua chache kutoka penye vigingi, nikiwa tayari nimepanga maneno ya kumwambia. Mara nikaona shali ya kahawia.

Aliteremka polepole, akapiga magoti kwenye kigingi cha kwanza, akakishika kwa mikono miwili na kukitikisa mpaka kikatoka. Kisha akaziba kitundu kwa kiganja, akakipapasa mara mbili, tatu. Akaenda cha pili, akafanya vilevile. Nilipaswa kutoka nikaulize. Mdomo ulikuwa tayari, lakini miguu ilinirudisha kichakani zaidi, nikaketi juu ya njia ya siafu. Waliniuma, nikavumilia. Niliuma shali yangu ya shingoni nisije nikapiga kelele, mpaka nikasikia kile kikohozi chake kikipotea juu ya kilima. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, ingawa sidhani walikuwa wakimfikiria mama mkwe.

Nikarudi nyumbani nikijikuna, na woga mpya kifuani. Adui ungeweza kumshtaki kwa chifu, lakini huyu ningemfanyaje? Nikamweleza Muthoki.

"Nenda kwa mama yako. Muulize kwa nini hataki shimo la nne. Zimebaki siku tano."

Alikwenda, akarudi jioni na boga kichwani. "Mama anasema chimbeni upande wa juu," akaniambia.

"Na upande wa chini?"

"Hakusema cha chini. Alisema wa juu ndio mzuri."

"Kwani yeye anajua murram? Ulimuuliza habari ya vigingi?"

Muthoki aliliteremsha boga. "Mutie, unataka nimuulize mama yangu kama ni mwizi?"

Nikamrudia Mzee Jonah na kumwomba aende tena, safari hii aulize waziwazi. Alikwenda baada ya chai ya asubuhi, akakaa kwa mama mkwe mpaka saa sita. Nilimngojea njiani nikihesabu mawe. Alikuja akijipangusa makombo ya kiazi kitamu kwenye ndevu.

"Hana neno," akasema. "Anaomba tu msiharibu mahali pake."

"Mahali pake gani, mzee?"

"Shamba si ni lake? Mahali pote ni pake." Akacheka, akanipiga begani. "Wewe una hofu nyingi, kijana. Mama ni mama. Fanya kazi yako taratibu."

Mjumbe hauawi, lakini siku ile nilielewa kwa nini imebidi watu wakatazwe.

Basi nikafanya kosa langu. Nilichimba mashimo matano na la nne nikaliacha. Kwenye mchoro wa injinia nikaliandika kana kwamba nimelichimba, mita mbili kamili, kwa vile nilivyoona ukingoni mwa korongo. Sikuona kuwa ni uongo. Nilijiambia injinia akishatia sahihi na trekta zikaja, mama mkwe ataona watu wengi, kelele nyingi, atazoea; na kama hatazoea, wakati huo itakuwa ni serikali inayochimba, si mimi. Nilijiambia hayo kwa siku nne.

Alhamisi Injinia Mbugua alifika saa nne asubuhi kwa Land Rover yenye vumbi mpaka ndani. Alikuwa mtu mrefu kutoka Murang'a, si mkali, ila alikuwa na tabia ya kuangalia kitu kimoja muda mrefu. Aliutazama mchoro wangu, akautazama mteremko, akautazama mchoro. Mwangangi na wenzake wawili walisimama kando na sululu zao. Mzee Jonah naye alikuwepo, amevaa koti la Jumapili, kuiwakilisha familia.

Injinia aliingia shimo la kwanza akapima. Akaridhika. Akaingia la pili, la tatu, la tano, la sita, akifinya murram ngumini na kutikisa kichwa kwa kukubali. Nilianza kupumua. Kisha akasimama pale chini, kati ya mgunga na jiwe jeupe, akajizungusha.

"Mutie, number four iko wapi?"

"Ni hapo uliposimama, bwana injinia."

"Hapa hakuna shimo. Na umeandika mita mbili."

"Nilipima kwa korongo, pale ukingoni."

"Korongo ni korongo, shimo ni shimo." Hakupandisha sauti, na hilo likanitisha zaidi. "Hii sehemu ndiyo inabeba hesabu yako yote. Kama ni nusu mita, mimi nitaleta trekta hapa kufanya nini? Chimba saa hii nione. Mimi nangoja."

Nilimwangalia Mzee Jonah. Aliangalia viatu vyake. Nikasikia sauti yangu ikimwambia Mwangangi achimbe.

Mwangangi hakusogea. "Wewe unataka nichimbe?" akaniuliza kwa Kikamba. "Wewe mwenyewe?"

"Chimba," nikasema. Kilomita kumi na moja, miaka miwili, watu mia moja na arobaini. Nilijihesabia hivyo, na Mwangangi akainua sululu.

Kikohozi kilitoka juu ya kilima.

Kila mtu alikijua isipokuwa injinia. Wenzake Mwangangi wakageuka kando kwa heshima. Mimi mwili wangu ulikwishaanza kutafuta kichaka, lakini pale kwenye mteremko tulikuwa tumekwisha kufyeka kila kichaka, kwa mpango wangu mwenyewe. Hapakuwa na pa kujificha. Nikainamisha kichwa nikaona vumbi, kisha nikaona miguu yake, mitupu, yenye nyufa, ikija moja kwa moja mbele yangu na kusimama.

"Mutie," akasema.

Hakuwahi kuliita jina langu. Mzee Jonah aliguna kama mtu aliyechomwa mwiba.

"Mutie, nitazame. Nimetuma watu kwako. Nilimtuma mtoto, nikamtuma shemeji. Kila mmoja nilimpa neno, na naona neno halikufika. Leo nimelileta mimi. Nitazame, usije ukasema hukusikia."

Nikainua kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kuona uso wa mtu mgeni, na nikamwona Muthoki. Yalikuwa macho yaleyale, paji lilelile, hata kile kijishimo cha kidevu, ila umri umepita juu yake. Nilishindwa kuondoa macho, na aibu yote niliyoilea miaka minane sikujua ilikokwenda.

"Hapa pana mtoto wangu," akasema.

Mwangangi aliiweka sululu chini taratibu.

Alieleza akiwa amesimama wima, kwa Kikamba, bila kulia. Ulikuwa mwaka wa njaa, wa sitini na moja, ndege zilipokuwa zikiangusha mahindi. Nyumba za jirani zilikuwa tupu, watu wamefuata chakula. Mume wake alikuwa kazini Mombasa. Alijifungua akiwa na mama yake mzazi peke yake, na walikuwa wawili, wasichana. Wa kwanza kutoka akapewa jina la mama wa baba, kama desturi. Wa pili akapewa la mama wa mama. Maziwa hayakutosha. Wiki ya tatu mmoja akafa, naye akamzika hapa kwa jembe lake mwenyewe, kwa sababu mtoto mchanga hakuwa akiwekewa matanga wakati ule.

"Jina la mama wa mume wangu ni lipi?" akaniuliza.

"Muthoki," nikasema.

"Na la mama yangu?"

"Mbinya."

"Aliyelala hapa ndiye Muthoki."

Injinia alikuwa akitutazama mmoja mmoja, akingoja mtu amweleze.

"Mume wangu alirudi na kitambaa cha nguo mkononi," mama mkwe akaendelea. "Akasimama mlangoni akauliza, 'Mama yangu yuko wapi?' Alimaanisha mtoto wa jina la mama yake; hakujua kwamba walikuwa wawili. Ningemwambiaje kwamba mama yake nimemweka ardhini? Nikamwinua huyu aliyebaki, nikasema, 'Huyu hapa Muthoki.' Akambeba. Akafurahi. Mama yangu alinyamaza, nami nikanyamaza. Nimelima kilima hiki miaka ishirini na sita, na upande huu sijawahi kuutia jembe."

Injinia akauliza kwa upole mama anasema nini. Nikamwambia kuna kaburi la mtoto. Alivua kofia. Alisema pole, akaomba nitafsiri, nami nikatafsiri. Kisha akasema jambo ambalo nami nilikuwa nalifikiria kwa haya, kwamba mahali pengine wamewahi kuhamisha kaburi, mchungaji akaomba, familia ikachagua mahali pazuri, na kazi ikaendelea.

"Muulize ni wapi hasa. Aonyeshe tu."

Nilimuuliza. Nilimuuliza nikimtazama, na sauti yangu haikutetemeka. Mama mkwe alinyoosha mkono kutoka kwenye mgunga mpaka kwenye jiwe jeupe, na kutoka jiwe jeupe mpaka ukingo wa korongo.

"Niliweka mawe matatu. Mwisho wa mwaka ule mvua ilikuja ikachukua kila kitu. Ni hapa, lakini sijui ni hapa wapi." Kwa mara ya kwanza sauti ikamponyoka. "Ndiyo maana naviondoa vigingi vyote. Sijui ni kipi kilichopigiliwa juu yake."

Nikatafsiri hilo pia, lote.

Injinia aliketi kwenye jiwe, akachukua penseli. Bila sehemu ile zilibaki mita elfu nne na mia mbili. Aligawa mara moja tu. "Kilomita saba," akasema. "Saba kutoka sokoni. Wewe unakaa kilomita gani?"

"Ya tisa."

Aliinua macho akanitazama, kwa ile tabia yake. "Mimi nilikuwa niandike barabara yote ama hakuna. Saba naweza kuwatetea huko ofisini, labda. Lakini lazima uandike ni wewe umepunguza, na kwamba hiyo number four uliandika bila kuchimba. Hii mambo yako ya kuthibitishwa siwezi kukuahidi. Na hizo nne zingine, Novemba..." Hakumaliza, akanipa penseli.

Mama mkwe hakujua yaliyoandikwa, lakini alijua ni juu yake. "Wewe ndiye mkubwa hapa," akaniambia. "Ukisema wachimbe, watachimba. Mimi nimekwisha kukuambia."

Niliziona zile kilomita nne mbele yangu, kila mtaro tulioukata, kila kalvati, na watu wa upande wetu waliochimba miaka miwili wakijua barabara itafika milangoni kwao. Niliwaogopa. Niliogopa pia kurudi kuwa mtu asiye na kazi mwenye mke na watoto watatu. Nikaandika kilomita saba, nikatia sahihi, nikaandika na la shimo la nne kama alivyotaka.

Land Rover ilipoondoka, nilimwendea Mwangangi, nikamwomba msamaha mbele ya wenzake, kwa kuwa nilimkosea mbele ya watu. "Nilimwona mara mbili," akasema. "Lakini habari ya mama mkwe wa mtu, unamwambia mtu kwa mdomo gani?" Akazikusanya sululu zote tatu akaziweka begani.

Mama mkwe alikuwa bado amesimama penye mgunga. Nilipogeuka kumuaga akajifunika kichwa kwa shali, na uso ukapotea tena. "Mtoto wangu aliye kwako hajui," akasema kutoka ndani ya shali. "Mimi nilishindwa kumwambia alipokuwa mdogo, na alipokuwa mkubwa nikashindwa zaidi. Mpelekee wewe hilo neno. Lakini usilipunguze njiani."

Mzee Jonah alikuwa amekwisha kuondoka kwa hatua za haraka kuelekea sokoni, na wale wenzake Mwangangi vilevile. Baada ya muda wa saa mbili tu Mbumbuni yote ingejua. Nikatembea, kisha nikaanza kukimbia, mtu mzima mwenye kalamu mfukoni, juu ya barabara yangu mwenyewe, nikirudia maneno moja baada ya jingine nisije nikaangusha hata moja: njaa, wawili, jembe, kitambaa cha nguo, mawe matatu. Nilipita kilomita ya saba bila kuitazama.

Nilimkuta mke wangu anaanua nguo uani. Aliniona nilivyo, akaacha nguo nyingine kwenye kamba.

"Wamekataa?"

"Hapana. Wametupa saba."

"Basi kuna nini? Mama amesema nini?"

Maneno yote nilikuwa nayo, kwa mpangilio wake, sikuwa nimepoteza hata moja. Nikavuta pumzi nikaanza kama ninavyoanza siku zote ninapotaka kumwambia jambo zito, kwa kumwita jina lake.

"Muthoki," nikasema, nikakwama hapo.

Alinisogelea, akanishika mkono. "Nasikia," akasema. "Sema."